Samadi ya Zizi la Baba

Kijiji cha Ujamaa Tumaini,
Karibu na Mungaa, Singida.
12 Oktoba 1974

Mdogo wangu Zefania,

Salamu nyingi. Hujambo huko kwenye ngano za serikali? Sisi hatujambo, isipokuwa mama anakohoa kwa vumbi, na kile chungu chake kikubwa cha kupikia pombe kilivunjika kwenye lori siku ya kuhamishwa. Mama anakusalimu. Anauliza kama baridi ya Hanang bado inakukamata kifua, na kama umepata mtu wa kukupikia au bado unakula mkate kama mgonjwa.

Barua hii naipeleka mjini, dukani kwa Rajabali, maana huku posta hakuna. Ukijibu, andika jina langu na la duka lake. Ananitunzia.

Sasa nikueleze tulikotupwa. Serikali inakiita kijiji hiki Tumaini, lakini wenyeji wanakiita Magadini, nao hawakukosea. Ni ile mbuga nyeusi kule chini ambako baba alikuwa akiteremsha ng'ombe kulamba chumvi. Ndiyo hiyo hiyo, Zefania. Pale ng'ombe walipokuwa wakilamba, sisi ndipo tulime. Sijui aliyepachagua alikuja na macho yake au alielekezwa na fisi. Wanasema ni tambarare, panafaa trekta. Kweli, trekta linageuka vizuri sana. Kinachoshindwa ni mmea.

Kila nyumba imepewa eka moja, na nusu yake lazima iwe ngano. Ngano! Hapa nani anakula ngano? Chapati tunaziona sikukuu, tena kwa watu. Asubuhi ukienda shambani unakuta udongo umetoa weupe juu kama mtu amemwaga unga. Niliuonja, nikatema mate mpaka jioni. Maji ya kisima cha pampu ndiyo yale yale, chai yake unainywa umefumba macho. Naona kinyaa. Kinyaa cha maji, kinyaa cha udongo, na zaidi kinyaa cha Mwenyekiti wetu Melkiori, ambaye mkutanoni alisema habari za chumvi ni fikra za kikoloni. Mtu alisema hivyo huku viatu vyake vimepauka kwa chumvi mpaka kwenye kamba.

Ametangaza kwamba nyumba ambayo eka yake haitatoa kitu msimu huu itahesabiwa ya wazembe. Eka itaingizwa kwenye shamba la kijiji, na wenyewe watapanga foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Unajua nyumba yetu ina nani. Ina mimi, mjane niliyerudi kwa baba, na ina mama. Eka hii ikienda, sisi ni ombaomba, na mimi foleni ile nimeiona. Watu wanasukumana na masufuria, karani anawazomea kama mbuzi. Sitaki kumwona mama pale.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Zizi la baba kule kilimani limebaki na samadi yake yote, nyeusi, iliyokwisha kuoza, inafika kiunoni. Hiyo ndiyo inayoweza kuufungua udongo huu unaoshikana kama gundi. Lakini unajua kwa ukoo wetu samadi ya marehemu haiguswi mpaka mtoto wa kiume aseme. Mimi ni binti, tena niliyeolewa nikarudi, sina mdomo. Mama hataki hata kusikia nikilitaja kabla hujasema. Basi sema. Niandikie "Dada, chukua," nami nitawasomea wazee, kazi ianze kabla ya mvua.

Ni mimi dada yako,
Damari


Shamba la Ngano, Hanang.
20 Novemba 1974

Dada yangu Damari,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia, mwambie kifua changu ni kizima na ninakula ugali kama watu wengine. Nisamehe kuchelewa. Huku tunatengeneza mashine kwa ajili ya msimu, na mimi sasa ndiye msaidizi wa msimamizi, kwa hiyo kila mkanda ukikatika naitwa mimi.

Nimesoma habari za udongo kwa uchungu, lakini usikate tamaa, dada. Chumvi haiui kwa kuwapo tu, inaua kwa kupanda juu. Jua linakausha udongo, maji yanavutwa juu, yanakauka, chumvi inabaki pale pale kwenye mizizi michanga. Kazi yako ni kuipa njia ya kutoka. Chimba mfereji upande wa chini wa eka, ufike mapajani. Pande nyingine tatu weka kingo za udongo. Mvua za kwanza zikinyesha, acha maji yasimame shambani mpaka yanywewe, yashuke na chumvi yake, yatokee mferejini. Rudia hivyo kila mvua kubwa. Bila mfereji usijaribu, maana maji yasiyo na pa kutokea yatairudisha chumvi yote juu.

Maji ya pampu usiyatie kabisa. Halafu piga matuta, na mbegu usiweke juu ya tuta, weka ubavuni. Chumvi hupenda kukusanyika kileleni. Ukishapanda, tandaza majani makavu ili jua lisivute. Wala usishindane na majirani kupanda mapema, ngoja udongo uoshwe kwanza. Ile nusu nyingine weka mtama, unavumilia kuliko ngano. Dereva wa lori atakuletea debe la mbegu kwa Rajabali.

Taifa linatutegemea sisi wakulima. Wasalimie wote.

Mdogo wako mtiifu,
Zefania


Tumaini,
2 Desemba 1974

Mdogo wangu Zefania,

Salamu. Sisi wazima. Mbegu zimefika, Rajabali alikuwa amezifunika na gunia ili panya wasizione. Mama amefurahi kusikia unakula ugali. Jirani yangu Yustina amejifungua mtoto wa kike, na maji ya kumwogeshea tunateka mbali, kwa sababu ya kisima yanamtoa mtoto vipele.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifurahia. Mara ya pili nilikuwa natafuta samadi, sikuiona. Mama aliniuliza, "Amesemaje kuhusu zizi?" Nikamwambia umesema utaandika. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako, na sijui kwa nini.

Mfereji nimeuanza. Udongo ukikauka ni jiwe, ukilowa ni ugali wa moto, unashika jembe na mguu. Wapita njia wananiuliza nachimba kaburi la nani. Mwenyekiti naye alisimama, akasema mifereji inaharibu sura ya kijiji. Sura! Mahali ambapo hata nzi wanapita haraka.

Lakini mfereji peke yake hautoshi, wewe mwenyewe unajua. Nilijaza maji kwenye kipande kidogo nione. Yalisimama kama kwenye sahani. Udongo huu haunywi mpaka uchanganywe na kitu cha kuulegeza. Yustina alisema tuchukue punda wake tukabebe samadi ya baba, wewe utaarifiwa baadaye. Mama alimtazama kama mtu aliyecheka msibani. Basi tunakungoja wewe. Mawingu yameanza kukaa upande wa Iguguno. Neno moja tu, Zefania. Hata ukiliandika kwenye karatasi ya sigara nitalipokea.

Dada yako,
Damari


Hanang,
5 Januari 1975

Dada Damari,

Shikamoo, na heri ya Krismasi na mwaka mpya kwako na kwa mama. Nilitamani kuja lakini ruhusa haikupatikana. Nimemnunulia mama kitenge, nitakileta mwenyewe.

Nimefurahi kwamba mfereji umeanza. Uteremke taratibu, usiwe na shimo katikati. Kuhusu samadi, angalia sana isiwe mbichi, kwani mbichi nayo ina chumvi yake na inaunguza. Ukiipata mahali pengine, irundike, ioze, inyeshewe, ndipo uichanganye.

Lile jambo la nyumbani lina mashauri yake. Tutaongea nikija.

Wako,
Zefania


Tumaini,
19 Januari 1975

Zefania,

Mama mzima. Mimi mzima. Mtoto wa Yustina mzima.

"Mahali pengine." Nililisoma neno hilo nikalipita. Sasa nimelielewa.

Wiki iliyopita nilipanda kilimani kukata majani ya kutandaza. Nikasikia trekta. Nikasema labda wamepotea njia. Nilipofika kwetu nikakuta tela limeegeshwa mlangoni kwa baba, na wanaume wako ndani ya zizi na mabeleshi, wanatupa huku wanaimba. Mwenyekiti Melkiori amesimama juu ya jiwe lile ambalo baba alikuwa akikalia kuhesabu ng'ombe wakiingia. Nilipiga kelele, Zefania. Niliwaambia zizi lina mwenyewe. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichefua, "Dada, mwenyewe ameshasema. Ndugu Zefania alilitoa kwa kijiji tangu Septemba."

Tangu Septemba! Barua yangu ya kwanza ni ya Oktoba. Ina maana nilipokuwa nakuomba, wewe ulikuwa umekwisha kutoa. Ukakaa, ukanisoma, ukanifundisha mifereji. Mimi na mama tukakaa na mikono mapajani, mvua tatu zikapita, tukikungoja wewe useme neno ambalo ulikuwa umekwisha kulisema kwa mwingine. Tungemsikiliza Yustina na punda wake, tungekuwa tumemaliza. Tuliheshimu mdomo wako, na mdomo wenyewe ulikuwa umekwisha kumzunguka mama. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Mama nilimwambia. Alipanda mwenyewe kilimani na fimbo yake kuangalia. Aliporudi alilala bila kula, na mpaka leo hajakutaja, wala kwa uzuri wala kwa ubaya.

Sasa nikuambie ninafanya nini, ili nawe ukae nalo. Kila asubuhi nachukua karai na kufuata ng'ombe wa watu njia ya lambo, naokota. Binti wa mzee ambaye zizi lake lilikuwa linaonewa wivu Mungaa nzima, anainama nyuma ya mikia ya ng'ombe wa watu. Wengine wananipa, wengine wananifukuza, maana nao samadi yao ni mali. Mwenye njaa hana miiko. Nainuka na karai kichwani, kinyesi kinateremka shingoni, kinaingia kifuani. Nanuka. Nasugua mikono kwa mchanga na majivu na bado nanuka. Mama hapokei tena ugali mikononi mwangu, anajipikia kijungu chake pembeni. Hasemi kwa nini. Najua kwa nini, na kila akikibandika kijungu kile moyo wangu unakuwa mchungu kuliko maji ya kisima.

Usiniandikie tena mashauri. Niandikie kwa nini.

Damari


Hanang,
28 Februari 1975

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imeniumiza, lakini wewe ni mkubwa wangu, sitabishana nawe.

Uliuliza kwa nini. Mwenyekiti aliniandikia kwamba kijiji kinaanza shamba la ngano la pamoja na hakuna samadi ya kutosha. Nikafikiri zizi la baba linakaa bure. Nikaona bora lirutubishe shamba la wote kuliko kipande cha mtu mmoja, na jina la baba litabaki. Huo ndio ujamaa wenyewe, dada. Wala sitakuficha kwamba natafuta kurudi nyumbani. Kuna nafasi ya msimamizi wa ngano kwa vijiji vya upande huo, na ili upewe lazima kijiji chenyewe kikupendekeze. Nikirudi, atakayefaidi ni nani kama si mama na wewe?

Ningekuambia mapema ungekasirika mapema. Sasa yamepita. Mavi ya kale hayanuki. Shika kazi, na hicho unachookota kirundike chini ya jua na mvua mpaka kipoe kabisa. Kama udongo umekwisha kuoshwa, panda sasa, na kama umekwisha kupanda, zibua mfereji kila baada ya mvua.

Kitenge cha mama bado ninacho.

Zefania


Tumaini,
10 Mei 1975

Zefania,

Salamu. Mama hajambo. Kukohoa kumepungua tangu mvua ilaze vumbi. Mzee Mathayo wa jirani na kanisani amefariki, tumemzika Jumamosi. Kaburi lake lilijaa maji ya chumvi kabla hajateremshwa, ikabidi yatekwe kwa ndoo. Mpaka wafu wetu wanatiwa chumvi kama kachumbari.

Umesema mavi ya kale hayanuki. Ndiyo maana tuliyataka.

Nilikaa muda bila kukuandikia kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa nachafukwa roho. Leo naandika kwa sababu mambo yametokea na ni afadhali uyasikie kwangu.

Kwanza shamba la kijiji, lile uliloliona bora kuliko kipande cha mtu mmoja. Walimwaga samadi ya baba juu, wakaipitisha trekta, wakapanda siku ile ile kwa sababu mgeni wa wilaya alikuwa anakuja kuona. Mfereji hawakuchimba, unaharibu sura. Mvua ilipokatika katikati ya Machi, Mwenyekiti akaamuru pampu ifunguliwe, maji ya kisima yakamwagwa mchana kutwa. Ngano ilikuwa imefika kifundo cha mguu. Ikaanza kuungua ncha kama imepitiwa na moto, halafu ikakaa, halafu ikalala. Udongo ukatoa weupe mkubwa kuliko tuliokuta. Ukitembea pale unasikia kama unakanyaga maganda ya mayai. Samadi ya baba imekauka vipande, upepo unaichukua kuelekea barabarani. Miaka yote ile ya ng'ombe wake! Niliokota kipande kimoja nikakiweka mfukoni, nikajiona mjinga, nikakitupa.

Eka yangu nayo usidhani ni Hanang. Ina mabaka, mahali pengine pako wazi kama kichwa cha mwenye mapunye. Lakini nilichanganya ule uchafu wa kuokota na majani, nikaacha mvua kubwa zisimame, zikashuka. Nilionja maji ya mfereji, yalikuwa machungu mpaka ulimi ukafa ganzi, nikacheka peke yangu. Ilikuwa inatoka, Zefania! Nilikuwa naiona ikitoka. Nilipanda ubavuni mwa matuta kama ulivyosema. Hilo nakushukuru, sitasema uongo. Ngano imesimama, imetoa masuke, na mtama uko nyuma yake. Yustina ameniiga, wa kwake umechelewa lakini upo.

Mama alikuja shambani wiki ile masuke yalipotoka. Alizunguka kingo zote tatu. Jioni alikuja akakaa karibu na sufuria yangu, akamega. Nilikwenda nje nikalia kidogo.

Lakini haikuisha hapo. Wageni wa mkoa walikuja kukagua ngano ya kijiji. Mwenyekiti aliona aibu ya shamba lake, akawapitisha njia ya nyuma, akawaleta kwangu. Nilikuwa nazibua mfereji, matope mpaka magotini. Akawaambia, "Hili ndilo shamba letu la pamoja." Mmoja akauliza huyu mama ni nani. Akasema, "Ni mmoja wa wafanyakazi wetu." Mgeni akaweka leso puani, akaandika kitu, wakapiga makofi. Walimpigia yeye. Mimi nilinyamaza kwa sababu eka bado iko mikononi mwao na ngano bado haijaiva. Nimewahi kuona kinyaa cha mavi, Zefania. Hicho kinatoka kwa mchanga na majivu. Hiki cha siku ile hakijatoka.

Damari


Hanang,
8 Juni 1975

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena! Mpe mama shikamoo yangu kubwa. Leo nakuandikia kwa furaha.

Habari za ngano ya Tumaini zimefika hadi huku. Mkoa umesifu sana, na mimi nimepata ile nafasi. Kuanzia Agosti nitakuwa msimamizi wa ngano wa kijiji chetu na vijiji viwili vya jirani. Unaona sasa, dada, kila kitu kilikuwa na sababu yake.

Kuna jambo moja nilitaka ulisikie kwangu kabla ya mkutano. Halmashauri ya kijiji imeamua eka yako iwe shamba la mfano, chini ya usimamizi wangu. Usiogope, hutatupwa. Kwa kuwa umekwisha kujua kazi, utapewa eka nyingine kule ndani zaidi ya mbuga, uiandae kwa njia ile ile. Nimewaambia hakuna anayeweza isipokuwa wewe. Ni heshima.

Ninachokuomba, uvune, kisha uache mfereji na kingo kama vilivyo, usiguse chochote, kwa sababu wageni watakuja Septemba. Na mama aniandalie chumba chenye dirisha. Nitakuja na kitenge chake.

Mdogo wako,
Zefania


Tumaini,
20 Julai 1975

Zefania,

Barua yako niliipokea kwa Rajabali. Nilikuwa na kiu, mkewe Nurjehan akanipa maji, nikayanywa nimesimama huku nasoma, yakanipalia.

Tumevuna. Mtama upo, ngano ipo. Sehemu ya ngano Rajabali ameichukua akatulipa mahindi, mazuri, meupe, wala si yanga. Mwaka huu mama hatasimama foleni yoyote. Nilikuwa nataka hilo, nimelipata, na ningekuwa nimeridhika hapo kama mngeniacha.

Kule ndani ya mbuga nilikwenda kuangalia hiyo heshima yako. Ni maji ya chumvi na ndege. Hata mabua ya mwaka jana hayapo.

Kisha nikarudi kwenye eka yangu na jembe, nikaufukia mfereji. Nilianzia chini, kwenye mdomo wa kutokea maji, nikashindilia kwa miguu, nikapanda nao mpaka mwisho. Kingo nimeziacha zisimame, pande zote nne sasa zimefunga. Mvua ikija maji yatakaa humo yakose pa kwenda, jua litayanywa, na wewe unajua kinachobaki, kwa sababu ndiwe uliyenifundisha. Chumvi haina haraka. Septemba wageni wako wataona udongo mzuri umelainika, watapiga makofi. Msimu ukianza, utaona mwenyewe. Mfereji wa Yustina sikuugusa, ule unamwaga upande mwingine na ni wake. Ukitaka kuujua unavyofanya kazi, mwombe. Akikukubalia.

Usidhani nilifanya kwa kucheka. Nililia tangu nilipoanza mpaka nilipomaliza. Sikukulilia wewe. Niliulilia ule udongo, ulikuwa umeanza kuwa udongo, ukiushika unamomonyoka vidoleni kama wa kilimani. Ungekuja hata mara moja kuniambia mbele ya uso wangu, labda ningekuachia. Lakini ulitoa cha baba kwa barua, ukatwaa cha kwangu kwa barua, na mara zote mbili ulianza na shikamoo. Mdogo wangu, mimi siwezi tena kukuonea hasira. Nikikuwaza natema mate, kama siku ile nilipoonja mbuga.

Tunaondoka kesho na lori la Itigi, twende Rungwa kwa shemeji zangu, ndugu wa marehemu mume wangu Petro. Wanafuga nyuki, wana mahali, na udongo wao ni mwekundu. Kibali tumepewa cha kwenda kusalimia wakwe. Mwenyekiti alikitia sahihi kwa furaha, anadhani nitarudi kuchimba.

Mama nilimpa nafasi yake. Nilimwambia mwanao wa kiume anarudi, ana cheo, mahali pa mama ni kwa mwanawe, ukibaki sitanung'unika. Nikamsomea barua yako yote, pamoja na chumba chenye dirisha na kitenge. Nikamwuliza kama ana salamu za kukupa. Alikuwa ameketi chini, anafunga kuku miguu kwa ajili ya safari. Akasema, "Hebu nishikie huyu jogoo, asije akatuchelewesha."

Damari